Chale za Dar es Salaam

Mambo yote yalianzia kwenye upindo wa gauni. Dada yangu alimpelekea fundi cherehani wa pale Nangurukuru kitambaa cha sare ya shule ya binti yake, na gauni liliporudi, upande mmoja ulikuwa umepanda gotini na upande wa pili umeshuka kwenye ugoko. Akalirudisha. Fundi akafumua, akapima, akashona upya, likatoka vilevile. Safari hii dada akamchukua na mtoto mwenyewe, akamvika gauni, akamsimamisha mbele ya kibanda cha fundi huku abiria waliokuwa wakingoja basi la kusini wakitazama.

"Hebu ona! Hii ndiyo kazi ya mtu mzima?"

Fundi akaomba gauni livuliwe. Akalikunja katikati kwa urefu, akalilaza juu ya meza, upindo ukalingana sawasawa. Akavua miwani.

"Mama, gauni langu limenyooka," akasema. "Aliyepinda ni mtoto."

Watu waliangua kicheko, na aliyecheka wa kwanza ni mpwa wangu mwenyewe. Nilikuwepo, maana ndiyo kwanza nilikuwa nimeshuka kutoka Somanga na begi langu begani. Nilikuwa nimemaliza kazi ya kuchimba mtaro wa bomba la gesi inayotoka Songo Songo, na kabla ya hapo nilikuwa utingo wa lori, na kabla ya hapo nilikausha majongoo bahari, na kabla ya hapo nilitembeza mitumba. Miaka ile ukiwa na miguu na masikio hukukosa kazi, kila kitu kilikuwa ruksa. Darasa la tano niliondoka siku mwalimu aliposhindwa kuniambia redio inapata wapi sauti, na tangu hapo nimekuwa nikiuliza watu wengine.

Kwa hiyo nilimuuliza mpwa wangu. Siku ile ile, nyumbani kwao Mitole, nilimwambia ainame kama anayeokota kitu, nikamtazama mgongo kwa nyuma. Upande wa kulia mbavu zilikuwa zimeinuka kama mtumba uliofungwa vibaya, upande wa kushoto zimebonyea. Katikati, uti wa mgongo ulikuwa unakwenda upande mmoja, halafu unajirudi, kama njia ya mbuzi.

"Inauma?"

"Haiumi, mjomba. Ila nikikimbilia basi pumzi inakata."

Maana yeye ndiye aliyeuza korosho za kukaanga kwenye mabasi yanaposimama Nangurukuru. Alijitwika sinia, na sinia lenyewe siku zote lililala upande, korosho zikirundikana pembeni. Makonda walimtania: "Wewe, dukani kwako kuna mlima!" Naye hujibu, "Panda uone bahari." Alikuwa mtoto wa kupenda watu. Lakini mwaka ule sinia lilizidi kulala, na basi likianza kuondoka kabla hajapewa chenji, hakulikimbilia tena.

Tulikwenda hospitali ya wilaya, wakatutuma Lindi kupiga picha. Daktari wa Lindi aliishika picha juu, akaitazama muda mrefu, akasema uti ukiendelea kupinda vile utalibana pafu, na mtoto bado anakua, kwa hiyo kupinda nako kunakua. Halafu akasema kitu kingine: kuna madaktari wa migongo wanakuja Dar es Salaam kutoka nje, wanafanya kazi pamoja na wenzao wa hapa, na matibabu ni ya msaada. Tuwahi kumwandikisha.

Dada akamtazama mumewe. Shemeji yangu ni mkulima mpole wa Kimatumbi, mtu anayeomba radhi hata kwa mbuzi aliyemkanyaga. Akanitazama mimi.

"Mjomba wake yupo," akasema. "Kwenu si ndivyo? Neno la mjomba."

Kwetu, Wamakonde, ni kweli ndivyo. Mtoto wa dada ni wa mjomba, na jambo kubwa likimfika huulizwa mjomba kwanza, hata kama mjomba mwenyewe hana kuku wala mlango wa kufunga. Sikuwahi kuulizwa jambo lolote kubwa maishani. Nikasema, "Twende."

Wodini Dar es Salaam walimlaza kitanda cha dirishani. Daktari wake alikuwa kijana wa Kitanzania, mwembamba, mwenye mfupa wa plastiki mezani, uti mzima wa mgongo unaoning'inia kwenye kamba. Nilipouona nikausogelea, na sikuuacha mpaka akanieleza pingili moja moja. Nikamuuliza watampasua vipi. Nilijua watu waliopasuliwa mgongo, nilikuwa nimewaona njiani, mshono kutoka shingoni hadi kiunoni kama zipu ya begi.

"Hatufanyi hivyo kwake," akasema. "Tutakata matundu mafupi mafupi, pande zote mbili za uti. Kila tundu tunapitisha skrubu mpaka kwenye pingili. Tunatazama kwa picha ya mashine tunakokwenda. Halafu tunachomeka fito za chuma kwa chini ya ngozi, zinapita skrubu hadi skrubu, tunavuta uti taratibu unanyooka."

"Nyama hamuifungui?"

"Tunaiacha. Ndiyo faida yake. Damu kidogo, anaamka upesi."

Nikamwambia, basi hiyo kazi naijua. Akacheka, lakini nikamweleza. Kwenye bomba la gesi tulichimba mtaro wazi maporini kote, ila tulipofika kwenye barabara ya lami, hatukuikata. Tulichimba shimo upande huu na shimo upande ule, mashine ikatoboa chini kwa chini, bomba likasukumwa likatokea ng'ambo. Juu magari yanapita, dereva hajui kitu.

"Ndivyo hasa," daktari akasema. Akamtazama mpwa wangu kitandani. "Ila barabara hii inasikia maumivu."

"Na barabara hii inasikia njaa," mpwa wangu akasema.

Kabla daktari hajaondoka alituambia jambo moja, akalirudia, akamfanya mtoto naye alirudie. Chuma hakiponyi. Kazi ya chuma ni kushikilia tu, mpaka mfupa wenyewe uote na pingili zishikane. Mpaka hapo, asijitwike chochote kichwani, asitwange, asiiname na jembe. Akijitwika mapema skrubu zitalegea au zitang'oka, na uti utarudi ulikokuwa, na safari hiyo tundu dogo halitatosha. "Arudi mwakani nimpige picha. Nikiona mfupa umeshika, nitasema mwenyewe."

Nikaitikia. Sikujiuliza nani Mitole anaishi mwaka mzima bila kuweka kitu kichwani.

Siku ya upasuaji nilikaa kwenye benchi la korido, nikazunguka, nikakaa tena. Mlinzi akaniambia, "Bwana, hiyo sakafu umeipiga deki." Walipomtoa, alikuwa bado na nusu kaputi, midomo mikavu. Nesi akamwambia achezeshe vidole vya miguu. Shuka likatikisika. Sijawahi kufurahia kutikisika kwa shuka namna ile.

"Mjomba," akasema bila kufumbua macho, "miguu yangu ipo?"

"Ipo yote."

"Basi niagizie soda."

Tulirudi mikorosho ilipoanza kutoa maua. Aliposhuka kwenye basi Nangurukuru, wale makonda waliacha kuita abiria. Alikuwa amerefuka. Alisimama wima kama mlingoti, mabega sawa, shingo imetoka, na bado alikuwa anajifunza kutembea na urefu wake mpya, kama mtu aliyeazima viatu. Fundi cherehani alitoka kibandani kwake, akamzunguka, akarudi ndani.

Mitole nyumba ilijaa. Kwetu mgonjwa akirudi kutoka kupasuliwa, watu huja kumpa pole, na pole ina sehemu mbili: kwanza unasema pole, pili unaonyeshwa mshono. Wanawake waliojifungua kwa operesheni hushusha kanga kidogo, wenzao wakaguna. Aliyetolewa ngiri hupandisha shati. Waliotolewa mabusha hawaonyeshi, lakini husimulia kwa mikono, na yatosha. Mshono ndio cheti. Ukubwa wake ndio unaopima pole yako.

Basi shangazi wa upande wa baba, akina mama wa jirani, wote wakakusanyika chumbani. Dada akamgeuza mtoto, akashusha kanga. Mimi nilikuwa mlangoni nikingoja miguno.

"Mshono uko wapi?" jirani mmoja akauliza. Huyu tulikaa naye ukuta kwa ukuta, mwanamke mwenye moyo mzuri na mdomo usiofungika.

"Si huo hapo," dada akasema.

"Upi?"

Madonda yalikuwa yameshakauka. Kila upande wa uti zilipanda alama fupi fupi nyeusi, mbili mbili, zimepangwa kwa mstari kutoka kiunoni kwenda juu. Jirani akainama, akachungulia, akainuka polepole.

"Hizi chale," akasema.

Na kweli, mtu yeyote wa pwani ile ungemwonyesha angesema chale. Ndivyo mganga anavyochanja: mikato mifupi ya wembe, jozi jozi, pande zote mbili za mahali panapouma, halafu anasugua dawa. Karibu kila mgongo uliokuwa mle chumbani ulikuwa nazo.

"Ni matundu," nikasema. "Wamepitisha vyuma."

"Vyuma vipite hapo? Hata uzi wa cherehani haupiti."

"Angalia alivyonyooka!"

"Kunyooka amenyooka," shangazi akasema. "Hatukatai. Mganga ni mzuri. Ila si useme tu, baba, kuliko kutuzungusha na hospitali."

Nikaenda kuleta picha ya eksirei tuliyopewa, nikaibandika dirishani. Uti ulionekana, na skrubu, na fito mbili nyeupe kama reli. Wakaja, wakatazama kwa adabu.

"Huyu ni nani?" jirani akauliza.

"Ni yeye!"

"Sura haionekani."

Nilieleza habari ya barabara na bomba. Nilieleza vizuri zaidi kuliko nilivyomweleza daktari. Mzee mmoja aliyekuwa barazani akasema kwa sauti ya huruma kwamba mjomba mtu ametembea sana, na anayetembea sana huona mengi. Nikajua nimeshindwa.

Ningeweza kuishi na hilo. Nimeitwa mwongo kwa mambo madogo kuliko hayo. Shida ilikuwa kwamba mtu ambaye hakupasuliwa si mgonjwa, na msichana asiye mgonjwa huchota maji. Wiki ile ile maneno yakaanza kupita juu ya ukuta. Kumbe siku hizi kuna watu wanakaa tu, mama yao anahangaika na ndoo. Kumbe Dar es Salaam inafundisha umalkia. Dada yangu alivumilia, lakini naye moyoni hakuwa na hakika. Alizitazama zile alama kila akimwogesha, na kila siku zilizidi kuwa ndogo.

Siku moja nilikuwa natoka Nangurukuru na mkate, nikapitia kisimani. Nikamkuta mpwa wangu amesimama wima, ngata kichwani, macho mbele, na jirani na dada wameshika ndoo iliyojaa, mmoja huku mmoja huku, wako tayari kumtwisha.

"Wekeni chini!"

Walishtuka, maji yakamwagika.

"Ni ndoo moja tu," dada akasema. "Si mbali."

"Daktari alisema nini?"

"Daktari! Mdogo wangu, mimi ndiye mama yake. Nimeambiwa amepasuliwa, natazama sioni palipopasuliwa. Nikimwambia mtu mwanangu haruhusiwi ndoo, ananiuliza kwa nini, nimjibu nini? Nimwonyeshe picha isiyo na sura?"

"Na wewe," nikamgeukia mpwa wangu, "kwa nini umekubali?"

"Nimechoka kuitwa malkia, mjomba." Akaitoa ngata kichwani. Machozi yalikuwa karibu, na yule alikuwa mtoto niliyemwona akicheka alipoambiwa amepinda. "Kama zikilegea, zilegee. Angalau wataona mshono."

Nilibeba ile ndoo mwenyewe mpaka nyumbani, mwanamume mzima na ndoo kichwani, watoto wakinifuata. Lakini siwezi kukaa mahali pamoja mwaka mzima, kila mtu analijua hilo, na mimi nalijua kuliko wote. Nikatuma salamu Newala kwa mama yangu.

Alikuja na basi la siku iliyofuata salamu kumfikia, na kuku kwenye kikapu. Mama yangu ni Mmakonde wa zamani, uso mzima umechanjwa chale za urembo, mistari juu ya mistari kwenye mashavu na paji, kazi ya fundi aliyekuwa na sifa enzi hizo. Akishuka popote pwani watoto hukimbia, halafu hurudi kutazama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekonda. Mke mwenzangu yuko wapi?"

Hivyo ndivyo alivyomwita mjukuu wake tangu azaliwe. Mpwa wangu akaja, wakatazamana, na mama akalazimika kuinua kidevu.

"Wewe! Ulikuwa mfupi, ukaniibia mume. Sasa umerefuka, si utaniibia na nyumba?"

"Nyumba yenyewe inavuja, bibi. Kaa nayo."

Wakacheka, kisha mama akamkalisha kwenye mkeka na kumgeuza. Watu walikuwa wamejaa tena, jirani mbele kabisa. Mama hakuzitazama zile alama. Alizipitia kwa vidole, taratibu, kutoka kiunoni kwenda juu, kushoto, kulia, kama mtu anayechagua choroko. Akafika mwisho, akarudi chini, akapitia tena.

"Fundi huyu anajua," akasema. "Mkono wake hautetemeki. Tazameni, hii na hii zinalingana. Aliyenichanja mimi alikuwa fundi, lakini shavu hili alikosea, ndiyo maana nikikasirika watu wanadhani nacheka." Akainua kichwa. "Kachanja ndani sana. Dawa imeingia mpaka mfupani, naisikia hapa, ngumu. Hii si dawa ndogo. Mwiko wake nini?"

Dada akanitazama. Jirani akanitazama.

Nilifungua mdomo. Nilikuwa na maneno yote tayari: pingili, skrubu, fito, bomba, barabara. Nilitaka sana, mbele ya watu wale, mama yangu awe upande wangu. Mpwa wangu akaniwahi.

"Nisijitwike kitu, bibi. Nisitwange, nisiiname na jembe. Mpaka mikorosho itoe maua tena, na fundi mwenyewe aseme."

"Na anayekutwisha je?"

Mtoto akafikiri. "Hilo hawakusema."

"Huwa hawasemi," mama akajibu. "Inajulikana."

Akageuka, akawapitisha macho wote waliokuwepo, na uso ule ukikupitia huusahau. Jirani yetu alikuwa amesimama na kibuyu cha maji cha nyumba mkononi. Akakiweka chini mbali na mtoto, kwa uangalifu, kama yai.

Jioni nilimvuta mpwa wangu pembeni.

"Umeniacha kwenye matope. Sasa watasema maisha yote kwamba nilikupeleka kwa mganga."

"Mjomba, unataka kushinda wewe au mgongo wangu?"

Nikasema nafikiri. Akaniambia nifikiri nikitembea, ndivyo ninavyofikiri vizuri. Nikaondoka kesho yake kwenda Songo Songo, kulikuwa na kazi ya kupaka mabomba rangi.

Mwaka ule wote hakuna aliyemtwisha hata kijiko. Dada alinisimulia kwamba jirani ndiye aliyekuwa mlinzi mkali kuliko wote, mtoto akiinama kuokota fagio, sauti ilivuka ukuta: "Mwiko! Mwiko!" Maji aliletewa na wenzake wa shule. Neno la daktari msomi, lililorudiwa na mjomba wake, lilidumu wiki moja. Mwiko ulidumu mwaka.

Na sifa zangu zilienea. Kila niliposhuka Nangurukuru mtu alinivuta kando na kuniuliza huyo mganga wa Dar es Salaam anakaa wapi. Nikawa nawaeleza ukweli mtupu: shuka kituo fulani, utaona geti kubwa, ulizia waganga wa mifupa, wamevaa makoti meupe. Baba mmoja wa Mitole alimpeleka mtoto wake mwenye mguu uliopinda. Alirudi mguu umefungwa plasta ngumu, ameridhika, ila alinilalamikia kwamba hawakumpa mwiko wa maana, wamemwambia tu usilowane.

Mikorosho ilipotoa maua nilikuja kumchukua, tukaenda kupiga picha. Daktari mwembamba aliitazama, akaiweka kando ya ile ya zamani, akatabasamu. Mfupa ulikuwa umeshika kote. Akauliza tulifanyaje, maana wengine wanarudi na skrubu zimelegea, huko vijijini hawasikii.

"Bibi yangu alikataza," mpwa wangu akasema.

"Msalimie sana bibi. Ni muuguzi?"

"Hapana. Anajua mafundi."

Mama alikuwa Mitole akitungoja. Alipoambiwa fundi ameruhusu, hakufanya haraka. Alisuka ngata kwa kipande cha kanga yake mwenyewe, akatembea na mjukuu wake mpaka kisimani, watu nyuma. Hakumpa ndoo. Alichota bakuli moja la maji, akalijaza hadi ukingoni, akajinyoosha kwa vidole vya miguu kwa sababu ya urefu wa yule mtoto, akamtwisha.

Mpwa wangu alitembea. Sikumtazama mgongo, nilitazama bakuli. Maji yalikuwa yamelala sawa, hayakuegemea upande wowote, na hivyo ndivyo yalivyofika mpaka uani.

"Haya," mama akasema, akilipokea na kunywa funda moja. "Sasa niambie njia ya huyo fundi. Nina magoti mabovu."